Matembezi ya Ziwa Natron na waongozaji wa Engare Sero: nyota nne, na ukweli kuhusu wale ndege wa mawe

Wadau, nianze na jibu maana najua wengi mnasoma mistari mitatu mnaondoka: ndiyo, inalipa, nendeni. Nazungumzia matembezi ya miguu ya Ziwa Natron yanayofanywa na vijana wa Kimaasai wa kijiji cha Engare Sero, wilaya ya Ngorongoro, chini kabisa ya mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai. Unafika kijijini, unaonana na waongozaji, mnapatana, halafu mnatembea, ziwani, kwenye nyayo za kale, na kwenye maporomoko kule korongoni. Wengi wanakuja kwa ajili ya kupanda mlima usiku, mimi sikupanda, kwa hiyo hapa nasema habari za huku chini tu, habari za maji. Na kwa maoni yangu huku chini ndiko ule mlima unakoeleweka vizuri zaidi.

Natoa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyobana nitaisema huko mbele na naisema kwa mapenzi kabisa.

Kilichonipeleka ni picha. Mimi ni mtu wa picha, kamera ndiyo inanilisha, na zile picha za Nick Brandt nimekaa nazo kichwani miaka mingi. Kwa wasiomjua, ni mpiga picha Mwingereza ambaye kazi zake kubwa kazifanya huku huku Afrika Mashariki, na mwaka 2010 yeye na Richard Bonham ndio walioanzisha Big Life, ile taasisi inayolinda wanyama upande wa Amboseli na Kilimanjaro. Sasa mwaka 2010 na tena 2012 alipiga mfululizo wa picha pale Natron, za ndege na popo waliokufa wakakauka ufukweni wakiwa wamegandiwa na magadi mwili mzima. Yupo flamingo, yupo tai mvuvi, yupo njiwa, yupo mbayuwayu. Zote nyeusi na nyeupe. Alichofanya ni kuwaokota na kuwapanga upya kama vile bado wako hai, tai kakaa juu ya tawi kavu anatazama ziwa, flamingo kasimama majini shingo kaikunja. Ukiiangalia ile ya tai kwa muda unaona kabisa kila unyoya umevaa chumvi, mpaka kope, na unajikuta umenyamaza.

Zilipotoka 2013 dunia nzima ikachanganyikiwa. Mitandaoni ikawa ni "ziwa la Tanzania linalogeuza wanyama kuwa mawe", ndege akigusa tu maji basi kwisha habari yake. Nimeshaulizwa swali hilo na wateja wangu wa nje sijui mara ngapi, na niseme tu wazi liliniuma, maana hilo ziwa ni letu na lilikuwa linatangazwa kama kaburi. Picha zenyewe sizilaumu hata kidogo, ni kazi kubwa, na Brandt mwenyewe hakuficha kwamba aliwapanga. Shida ni kwamba picha inakuonyesha mwisho wa habari tu. Mwanzo wake uko juu kule kwenye kreta, yaani mdomo wa volkano, na katikati yake ni mvua, na hivyo viwili hakuna aliyekuwa anavisimulia. Hicho ndicho nilichotaka kukiona kwa macho yangu, na hicho ndicho waongozaji wa Engare Sero walichonipa.

Tuliondoka kempu kabla jua halijatoka na hii naomba muizingatie sana, Natron iko chini, kama mita 600 tu kutoka usawa wa bahari, imebanwa na ukuta wa Bonde la Ufa upande wa magharibi na mlima Gelai upande wa mashariki, joto la mchana siyo la mchezo. Kijana aliyetuongoza alikuwa na fimbo, sandozi za tairi na chupa moja ya maji, sisi wengine tulibeba utafikiri tunahama. Mwendo wa kutoka gari linapoishia hadi kwenye maji ni mrefu kuliko unavyodhani kwa macho, maana pale hakuna kitu cha kukupimia umbali, ni tambarare tupu, tope lililokauka, kisha magadi, kisha maji.

Na hapo kwenye magadi nikae kidogo. Juu ni ukoko, mweupe una rangi ya pinki kwa mbali, umekatika katika kama ukoko wa ugali ulioachwa kwenye sufuria mpaka asubuhi. Ukikanyaga sehemu nzuri unalia kra kra, ukikanyaga vibaya unazama kwenye tope jeusi lina harufu kali na la moto. Yule kijana alikuwa anatembea mbele anagonga na fimbo, "Dada pita nilipopita mimi, hapo pembeni usipaamini." Alimega kipande akanipa mkononi. Chini yake kina sindano sindano ndogo za fuwele zimesimama zote upande mmoja, juani zinameta. Akamwagia maji kidogo ya chupa, kikaanza kulegea pale pale kiganjani, vidole vikawa na utelezi wa sabuni. Yaani haya ni magadi yale yale ya kulainishia makande na kisamvu, yale yale ambayo wazee wanatia kwenye ugoro. Mimi nimeyatumia jikoni toka utoto na sijawahi kujiuliza yanatoka wapi.

Yanatoka kwenye volkano. Na hapa ndipo sayansi inapokuwa tamu kuliko hata ile habari ya mawe. Ol Doinyo Lengai ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutoa kwa sasa lava ya aina hii, iliyojaa kaboneti ya sodiamu na ya kalsiamu badala ya silika kama lava za kwingine kote. Wataalamu hawakuikubali kirahisi. Mjiolojia J. B. Dawson aliiona kreta ikiwa inatoa lava mwaka 1960, akaiandika 1962, na mpaka leo wanasayansi wanapanda kuichota. Lava ya kawaida, ile nyekundu unayoiona kwenye video za Hawaii, inapita nyuzi 1,000. Hii ya kwetu ni kati ya 500 na 600 tu, mchana haiwaki hata wekundu, inaonekana nyeusi, na ni nyepesi mno, inakimbia kwenye mteremko kama maji ya mvua. Ndani yake kuna madini mawili makuu, moja linaitwa gregoriti kwa heshima ya John Walter Gregory yule mjiolojia aliyelichunguza Bonde la Ufa, na lingine linaitwa nyerereiti. Ndiyo, ni Mwalimu Nyerere huyo huyo. Kuna madini ya Mwalimu na yanatoka kwenye mlima wetu.

Sasa sikilizeni kinachofuata maana ndiyo roho ya safari nzima. Hayo madini hayavumilii maji. Lava inatoka nyeusi, ikikutana na unyevu tu wa hewani, siyo hata mvua, inaanza kubadilika, saa chache au siku chache imekuwa kijivu, kisha nyeupe, kisha inamomonyoka kama unga. Ndiyo maana ukiutazama mlima toka kijijini unaona weupe juu na mgeni anadhani ni theluji. Mvua ikinyesha, ile sodiamu inayeyuka na kushuka. Na siyo Lengai peke yake, bonde zima pale limezungukwa na miamba ya volkano, Gelai, Kerimasi, Shompole upande wa Kenya, mvua inaiosha miamba, maji mengine yanazama chini kabisa kwenye nyufa, yanapata joto huko, yanarudi juu kama chemchemi za moto pembezoni mwa ziwa yakiwa yamebeba chumvi zao. Mto Ewaso Ng'iro wa Kusini nao unaleta maji kutoka Kenya. Kila kitu kinaingia, hakuna kinachotoka, Natron haina mto wa kutokea. Kinachotoka ni mvuke tu. Jua linachukua maji, magadi yanabaki. Ziwa lina urefu wa kilometa zaidi ya 50 lakini kina chake hakifiki mita 3, pH yake, yaani kipimo cha ukali wa magadi, inaweza kupita 10, na hapo unaelewa kwamba unachokiangalia ni volkano iliyoyeyushwa ikatandazwa chini.

Yule kijana hakuyasema kwa maneno haya ya kitabu, alionyesha kwa fimbo, pale juu, hapa, na pale, "mvua inauosha mlima, mlima unakuja kukaa huku." Nilimwambia kaka, sentensi hiyo ningeiandika ukutani.

Na ndege wa mawe? Tulimkuta mmoja. Siyo wa kusimama kwenye tawi, alikuwa kalala ubavu pembeni ya maji, flamingo mdogo, bado ana rangi ya kijivu ya utoto, bawa moja limefunikwa na ukoko, lingine liko wazi unaona manyoya safi kabisa. Miguu ilikuwa imekauka migumu, na kwenye kila kiungo cha mguu kulikuwa na pete ya chumvi, hatua kwa hatua jinsi maji yalivyokuwa yanapanda na kushuka. Nilipiga magoti nikamwangalia kwa lenzi ya karibu kwa muda mrefu. Hakuuawa na kugusa maji. Ndege wanakufa kama wanavyokufa popote, ugonjwa, njaa, fisi, uchovu wa safari, tofauti ni kwamba hapa mzoga unaotupwa ufukweni hauozi haraka, magadi yananyonya unyevu yanaukausha, na ukoko unajengeka juu. Wamisri wa kale walikausha maiti za wafalme wao kwa chumvi ya namna hii hii, waliichota Wadi El Natrun. Kwa hiyo Brandt alichokipiga ni kitu cha kweli, ila ni ziwa linalohifadhi. Kuua ni habari nyingine. Tofauti hiyo kwangu ni kubwa sana na inatakiwa isemwe na kila mwongozaji kwa kila mgeni.

Maana nyuma ya yule ndege mmoja, wadau, kulikuwa na flamingo hai sijui maelfu mangapi. Ulikuwa ni mstari wa pinki toka mwanzo wa macho mpaka mwisho, na kelele zao, ile ya chini chini isiyokatika. Natron ndiyo sehemu pekee ya uhakika ya kuzaliana flamingo wadogo (siyo makinda, ni ile spishi yenye umbo dogo) Afrika Mashariki, makadirio yanayotajwa ni kwamba asilimia 75 hivi ya flamingo wadogo wote duniani wamezaliwa kwenye ziwa hili. Wanapapenda kwa sababu ile ile inayowatisha watu wa mitandaoni, maji makali na tope la moto linawazuia fisi na mbweha kufika kwenye viota, wanajenga vichuguu vya tope huko katikati mbali kabisa ambako wewe mgeni hufiki na hutakiwi kufika. Chakula chao ni vijimea vidogo vya spirulina vinavyoishi humo humo kwenye magadi, rangi yao ya pinki inatoka huko. Chumvi iliyozidi wanaitoa kupitia tezi za kichwani, na kunywa wanakwenda kwenye midomo ya vijito vyenye maji matamu. Ukikaa kimya pale kijito cha Engare Sero kinapoingilia unawaona wanapishana, kundi linakunywa kundi linaoga.

Tena kuna samaki! Kwenye chemchemi za pembeni maji ya moto kabisa, nikaona vitu vinakimbia, vidogo kama kidole, kijana akasema hao ni wa hapa hapa tu. Kweli, ni jamii ya perege, wataalamu wanawaita Alcolapia, na Natron ina spishi zake ambazo huwezi kuzikuta kati ya sato na perege wa Ziwa Victoria. Samaki kajizoesha kuishi kwenye maji ya magadi yenye joto linaloweza kufika nyuzi 40 na kitu. Halafu mtu anasema ziwa la mauti.

Nyayo sasa. Hizi ziko upande wa kusini mwa ziwa, pana uzio, unalipia, unavua viatu au unapita pembeni kadri unavyoelekezwa, msibishane na mlinzi. Ni zaidi ya nyayo 400 za binadamu, watu kama sisi kabisa, zimebaki kwenye jiwe ambalo zamani lilikuwa tope la majivu. Aliyezigundua kwanza ni mwanakijiji wa hapo hapo, wanasayansi walikuja baadaye, wakiwemo wa taasisi ya makumbusho ya Smithsonian na vyuo vya Marekani pamoja na Watanzania. Umri wake waliupima wakaupata ni kati ya miaka 19,000 hivi na 5,760 iliyopita. Na zimewezekana kwa sababu ya nini? Maji na mlima tena. Majivu ya volkano yalibebwa na maji yakashuka kama tope mpaka kwenye tambarare, watu wakapita kabla halijakauka, jua likaligeuza gumu ndani ya saa au siku chache, tope lingine likaja likafunika. Lingechelewa kukauka zingefutika, lingewahi zisingeingia. Nyayo za Laetoli nazo ni hivyo hivyo, zile za miaka milioni 3.6, majivu ya volkano yaliyoloweshwa na mvua, na iko wilaya hii hii moja. Sijui kwa nini hatutembei vifua mbele.

Utafiti uliotoka 2020 ulihesabu mistari 17 ya watu waliokuwa wanaelekea pamoja upande mmoja, kusini magharibi, kwa mwendo wa kawaida, na kwa vipimo vya miguu wakaona yaelekea 14 walikuwa wanawake wazima, wanaume wazima 2, na kijana mmoja wa kiume. Wanadhani walikuwa wametoka kutafuta chakula kwa pamoja, kama wanawake wa Kihadzabe kule Eyasi wanavyofanya mpaka leo. Wengine sita walikuwa wanakwenda upande mwingine, mmojawapo mbio. Nilisimama pale nikaangalia unyayo mmoja, kidole gumba kimezama zaidi, na tope limefinywa likapanda katikati ya vidole likabaki hivyo hivyo na ukingo wake. Jua likiwa bado chini, mwanga wa pembeni, kila unyayo una kivuli chake. Wapiga picha wenzangu, nendeni asubuhi au jioni, saa sita mchana pale huoni chochote, panakuwa bapa.

Maporomoko nayapitisha haraka, siyo kwamba ni mabaya, ni mazuri mno, mnapanda korongoni kama saa moja hivi, mnavuka maji mara kadhaa, kuna miti ya jamii ya mnazi kwenye kuta na mwisho mnaingia kwenye maji baridi matamu yanayodondoka toka juu. Ila picha zake mtandaoni mnazo nyingi. Ninachotaka mjue ni kwamba hayo maji matamu nayo ni zawadi ya volkano, mvua ya nyanda za juu za Ngorongoro inazama kwenye miamba yenye vitundu, inachujwa, inatokea huku chini. Ndiyo hayo hayo yanayolisha kijiji. Na kama mnapitia Engaruka mkitokea Mto wa Mbu, simameni, pale kuna mabaki ya mashamba ya mawe na mifereji ya umwagiliaji ya kati ya karne ya 15 na ya 18, watu walikuwa wanateka maji ya ukuta huu huu wa Bonde la Ufa wakalima maelfu ya ekari. Lipieni mwongozaji wa pale pia, ni safari inayolingana na hii kabisa.

Jioni kempu kuna mzee mmoja alikuja kuzungumza na wapishi, nikamwamkia, tukaanza kuongea habari za 2007. Mwezi wa saba mwaka ule yalianza matetemeko, mengi, mpaka Nairobi walitikisika, na mwezi wa tisa mlima ukalipuka, siyo ile lava ya kutiririka taratibu, ni majivu kwenda juu, ikaendelea mpaka 2008. Nikamuuliza mzee, mlifanyaje? Akasema, "Majivu yakianguka kwenye jani, ng'ombe hali. Yakianguka kwenye maji, ng'ombe hanywi. Sasa utakaa kwa ajili gani? Tulihama." Halafu akasema wakirudi walikwenda kuomba, maana mlima huo ndio wanaouendea kuomba mvua. Mlima uliowamwagia majivu kwenye maji ndio huo huo wanaouomba maji. Wala hakuona ajabu yoyote katika hilo, na baada ya kutembea na kuona yote yale hata mimi sikuona.

Siku hizi mlima unafuatiliwa, tangu 2016 kuna vifaa vya GPS vimefungwa pale, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar pamoja na Virginia Tech ya Marekani, mradi unaitwa TZVOLCANO, wanapima ardhi ikivimba au ikishuka hata kwa milimita. Waongozaji wanajua vilipo na wanavilinda, hilo nalo nimelipenda.

Sasa nyota niliyobana. Haya yote niliyowaandikia, robo yake nilipata kwa yule kijana ambaye alikuwa hodari sana, na iliyobaki nilikuwa nimeisoma mwenyewe kabla sijaenda. Pale kwenyewe sikuona bango la maana kwa Kiswahili wala kwa Kimaa linaloeleza lava inageukaje kuwa ziwa, au hizo nyayo ni za kina nani. Mtoto wa shule ya Engare Sero anazaliwa, anakua kati ya mlima na ziwa ambavyo dunia nzima inavisoma, na maelezo yako kwenye majarida ya Kiingereza ya kulipia. Na picha za Brandt zimetundikwa kwenye kumbi za Ulaya na Marekani, pale kijijini nilichokiona ni nakala moja kwenye simu ya mwongozaji, ina mpasuko wa kioo katikati, ndiyo anawaonyesha wageni. Mimi natamani siku moja zichapwe kubwa, ziwekwe hata kwenye ukumbi wa kijiji, na pembeni yake ziwekwe picha za nyayo, na kipande cha lava nyeusi na kingine kilichogeuka cheupe ndani ya kioo, na mzee kama yule akae asimulie. Hapo ningeweka nyota tano na ningelipa mara mbili.

Waongozaji pia hawalingani. Wangu alikuwa bora, kundi lingine tulilokutana nalo mwongozaji wao alikuwa anawapeleka tu kupiga selfi na kurudi, na nikamsikia akiwaambia ile ile ya ndege kugeuka mawe wakigusa maji. Kwa hiyo kabla hamjapatana bei mwulizeni maswali mawili matatu, mwulizeni magadi yanatoka wapi, mwulizeni flamingo wanazaa wapi. Akijibu vizuri huyo ndiye wenu. Bei siiandiki hapa maana inabadilika na mkazi na mgeni wa nje hawalipi sawa, patanini kwa kichwa kabla ya kuanza, na mkubaliane kabisa kama nyayo na maporomoko vimo au vinalipiwa peke yake. Njiani kuna mageti na tozo zake, bebeni keshi ya kutosha na mwombe risiti kila mnapolipa.

Gari, chukueni la kuaminika. Hilo nililokodi mjini lilikuja na tairi ya akiba isiyo na upepo, tukagundua tukiwa tumeshapita Engaruka na pancha moja tayari. Kagueni wenyewe kabla hamjaondoka, jeki, spana, tairi, maji ya kunywa ya akiba, maana kipande kile gari linaweza lisipite muda mrefu.

Na kwa wale mtakaoniuliza kuhusu droni, ulizeni kibali kwanza, ila mimi ninawasihi msirushe karibu na flamingo hata mkipewa. Kundi likishtuka linaacha viota, na ziwa hili ndilo wanalolitegemea. Tulishapita kwenye presha ya mpango wa kiwanda cha magadi pembeni ya ziwa mpaka kampuni ya Tata Chemicals ya India ikajitoa 2008, ziwa lenyewe liko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu, tangu 2001, watu walipigana kwa ajili ya hawa ndege.

Watoto wa kuanzia miaka kumi hivi wanaweza sehemu ya ziwa na nyayo mkianza alfajiri. Wazee wenye magoti mabovu wasiende maporomoko, mawe yanateleza, lakini ziwani gari linasogea karibu kiasi. Vaeni viatu msivyovipenda sana, magadi yanakula gundi, na mkirudi suuzeni kamera na lenzi nje kwa kitambaa chenye maji safi siku ile ile, msisubiri mpaka Arusha.